Utando wa Siki na Mizani ya Kiwanda

Hoja iliyowekwa mezani katika mjadala huu ni kwamba selulosi inayofumwa na bakteria inastahili kuchukua nafasi ya ile inayotolewa kwenye miti, hasa katika nyenzo za kisasa, yaani vitu ambavyo muundo wake wa ndani hupangwa kwa makusudi ili viwe vyepesi, imara, angavu au vyenye kupatana na mwili wa binadamu kuliko vitu vya kawaida. Selulosi yenyewe ni mnyororo mrefu wa molekuli za glukosi, ile sukari rahisi iliyomo katika damu na katika matunda, zilizoshikana moja baada ya nyingine bila kutoa tawi, nayo ndiyo inayoupa ugumu mti, pamba, katani na jani la mgomba. Mfaransa Anselme Payen aliitenga kutoka katika mimea mwaka 1838. Mwaka 1886 Mwingereza Adrian John Brown alieleza habari za utando mzito, wenye utelezi na ushupavu wa ngozi mbichi, unaoota juu ya kimiminika kinachogeuka kuwa siki, akaonyesha kwamba utando huo ni selulosi na kwamba mtengenezaji wake ni kiumbe wa seli moja. Jina la kiumbe huyo limebadilishwa mara kadhaa. Kwa muda mrefu aliitwa Acetobacter xylinum, na leo huitwa Komagataeibacter xylinus, kwa heshima ya mtaalamu wa viumbe vidogo wa Japani, Kazuo Komagata.

Kiswahili kina neno linalokifaa mno kitu hiki. Utando ni tabaka linalotanda juu ya maziwa yaliyopoa, na pia ni kazi ya buibui. Na kitenzi kilichozaa neno hilo, kutanda, ndicho kilichompa mfumaji mtande wake, yaani zile nyuzi zinazonyooshwa kwanza kabla ya mshindio kupitishwa. Kinachoelea juu ya siki ni utando kwa maana zote mbili, kwa kuwa ni tabaka na papo hapo ni mfumo wa nyuzi, na itaonekana kwamba washindani wa mjadala huu mara nyingi hushika maana moja wakaiacha nyingine.

Sauti zinazosikika ni nne, nazo zimepewa majina ya kazi badala ya majina ya watu: Mwanabiolojia, ambaye ndiye mtoa hoja na ambaye wenzake humwita Mwalimu, Mchumi, ambaye ndiye mpinzani wake, Mhandisi, ambaye anaanza upande mmoja na kumalizia penginepo, na Mtabibu, ambaye hakuombwa kuchagua upande.

MWANABIOLOJIA: Mti hutengeneza selulosi, kisha huifungia ndani. Katika mbao selulosi ni karibu asilimia 40 hadi 50 tu ya uzito mkavu. Nyingi ya iliyobaki ni lignini, ile gundi ya kahawia inayoushikilia mti usilale, na hemiselulosi, yaani minyororo mifupi ya sukari mchanganyiko inayojaza nafasi kati ya nyuzi. Ili kuipata selulosi, kiwanda hulazimika kuvipika vipande vya mti kwa hidroksidi ya sodiamu, ambayo watengenezaji wa sabuni huiita kostiki soda, pamoja na salfidi ya sodiamu, katika joto la karibu nyuzijoto 170 za Selsiasi. Bakteria hahitaji gundi hiyo kwa sababu hajengi shina. Seli yake moja ina safu ya vitundu takriban 50 hadi 80 vilivyojipanga kufuata urefu wa mwili, na nyuma ya kila kitundu kuna vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, vinavyoichukua glukosi iliyoandaliwa na kuiunga kwenye ncha ya mnyororo unaosukumwa nje papo hapo. Minyororo ikishatoka hujikusanya kuwa vijiuzi, vijiuzi huungana kuwa utepe, na Malcolm Brown na wenzake walipoutazama utepe huo kwa hadubini mwaka 1976 waliupima ukirefuka kwa karibu mikromita 2 kila dakika, huku seli ikisogezwa na uzi unaotoka mwilini mwake.

Kwa kuwa kiumbe huyu hawezi kuishi bila oksijeni, mamilioni ya seli hufanya kazi karibu na uso wa kimiminika, na tepe zao hupishana pande zote mpaka utando unapotokea. Kila utepe una upana wa takriban nanomita 20 hadi 100, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, ilhali uzi wa mti hupimwa kwa makumi ya mikromita, kiasi kwamba ule wa mti huuzidi wa bakteria unene mara mamia. Utando unaotolewa kwenye trei ni maji kwa karibu asilimia 99 ya uzito wake, lakini maji hayo hayamwagiki, kwa sababu yameshikwa katika vyumba visivyohesabika vya wavu. Kuusafisha ni kuuchemsha katika kostiki iliyozimuliwa ili seli zife na mabaki yake yatoke, kisha kuuosha kwa maji tele. Kinachobaki ni selulosi tupu.

MCHUMI: Mwalimu ameusifu usafi wa nguo bila kutaja chakula cha mfumaji. Mti hula hewa na mwanga, vitu ambavyo havina ankara. Bakteria hula sukari. Chakula cha maabara kilichoelezwa na Hestrin na Schramm mwaka 1954, ambacho mpaka leo hutumika kama kipimo cha kulinganishia, kina gramu 20 za glukosi katika kila lita, pamoja na gramu 5 za peptoni, ambayo ni protini iliyokwisha kumeng'enywa, na gramu 5 za dondoo ya hamira. Na baada ya kusubiri wiki moja au mbili, lita hiyo hutoa gramu chache za selulosi kavu. Sehemu kubwa ya sukari haiufikii uzi kabisa, kwa sababu bakteria huigeuza kuwa asidi ya glukoniki, kimiminika kikazidi uchachu na kazi ikazorota. Viwanda vya dunia hutoa zaidi ya tani milioni 150 za rojo la mbao kwa mwaka. Anayedai kwamba trei za sukari zitachukua nafasi ya tani hizo, na aonyeshe kwanza mashamba ya miwa yatakayozilisha.

Pigo hilo ni zito, na Mwanabiolojia analipokea kwa kupunguza hasara badala ya kulikana. Anakumbusha kwamba mwaka 2005 watafiti wa Japani waliivuruga jeni inayompa bakteria kimeng'enya cha kutengeneza asidi ya glukoniki, na bakteria huyo aliyepungukiwa akaielekeza sukari kwenye selulosi zaidi kuliko mwenzake wa asili, tena waliweza kumlisha masalia ya viazi vitamu vilivyokwisha kutolewa wanga. Anaongeza kwamba si lazima chakula kiwe sukari ya dukani, na hapo ndipo anapouleta mfano anaouegemea zaidi.

Mwaka 1949 mkemia Mfilipino Teódula Kalaw África, akifanya kazi katika shirika la taifa la nazi la nchi yake, alipata njia ya kuuotesha utando huu katika maji ya nazi, ili upatikane mbadala wa kitamutamu cha zamani kilichotokana na nanasi. Mbadala huo uliitwa nata de coco. Nata ni neno la Kihispania lenye maana ya malai, wala lisichanganywe na kunata kwa Kiswahili, kwani kitu chenyewe hakinati hata kidogo, bali hutafunika kwa ushupavu kama nyama ya ngisi iliyochemshwa. Maji ya nazi komavu, ambayo viwanda vya kukausha nazi viliyamwaga kama uchafu, huongezwa sukari kidogo, chumvi ya naitrojeni na asidi ya siki, humiminwa katika trei za kina kifupi, hufunikwa na kuachwa bila kutikiswa, na katika muda wa siku nane hadi kumi na nne hutoa bamba la unene wa sentimita moja au zaidi, ambalo hukatwa vipande vya mraba na kuchemshwa mara kadhaa mpaka harufu ya uchachu itoke. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wajapani walikipenda chakula hicho kwa kishindo, na uzalishaji ukasambaa Asia ya Kusini-Mashariki na hadi kisiwa cha Hainan nchini China. Kwa hiyo uzalishaji mkubwa zaidi wa selulosi ya bakteria duniani ulianzia jikoni, kwa vyombo ambavyo mama lishe yeyote angevitambua, huku maabara zikiendelea kupima kwa mirija ya kioo.

Pwani ya Afrika Mashariki haimo katika historia hiyo, ingawa vitu vyake vyote vimo. Tembo la mnazi linaloachwa wazi huwa siki kwa kazi ya jamaa za bakteria hawa hawa, na maji ya nazi komavu, tofauti na maji ya dafu ambayo yana mnunuzi barabarani, humwagwa mara nyingi kando ya mbuzi ya kukunia au mahali nazi zinapopasuliwa kuwa mbata. Hilo linasemwa hapa kama hali ya mambo, si kama mwito wa kuanzisha kiwanda, kwa maana hoja ya Mchumi bado haijajibiwa.

MCHUMI: Nata ni kitafunwa. Huuzwa ikiwa na maji yake, tena na sharubati juu yake, kwa hiyo mlaji hununua maji kwa bei ya utamu. Mizani ya namna hiyo haina mfanyabiashara wa nyuzi atakayeikubali.

MHANDISI: Kuna shida nyingine ambayo Mwalimu ameipita kimya. Trei hazipandi ngazi. Mtu akitaka mara mbili ya selulosi atahitaji sakafu mara mbili, kwa sababu kazi hufanyika usoni tu, pale hewa inapokutana na kimiminika. Viwanda vya dawa na vya hamira viliivuka shida hiyo kwa kutumia matangi marefu yanayokorogwa na kupulizwa hewa, na watu wamejaribu kufanya vivyo hivyo hapa. Lakini bakteria anayekorogwa hafumi utando, bali hutoa vidonge na matonge yanayoelea ovyo, na kibaya zaidi, katika msukosuko huo huzuka kizazi kisichotengeneza selulosi kabisa, ambacho, kwa kuwa hakipotezi sukari kwenye uzi, huzaliana haraka na kulitawala tangi. Ndugu Mchumi amezungumzia gharama ya chakula; mzigo mwingine ni kwamba mfumaji huyu akiharakishwa huacha kufuma.

Tena sifa ya wembamba si yake peke yake. Mwaka 2006 Tsuguyuki Saito na Akira Isogai wa Chuo Kikuu cha Tokyo, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba nyuzi za mbao zikipitishwa kwanza katika uoksidishaji mpole, yaani mmenyuko unaoziwekea chaji za umeme usoni ili zisukumane, zinaweza kutenganishwa majini kwa nguvu ndogo mpaka zibaki nyuzi za upana wa nanomita 3 hadi 4 tu. Hizo ni nyembamba kuliko utepe wa bakteria, na zimetoka kwenye mti ule ule uliodharauliwa hapa dakika chache zilizopita. Kufikia mwaka 2015 kampuni za Japani zilikuwa na kalamu ya wino na nepi za watu wazima sokoni zenye nanoselulosi ya mbao ndani yake.

Katika mjadala mzima hakuna shambulio linalomgusa mtoa hoja kwa undani kama hili, kwa sababu halibishani naye juu ya bei, jambo ambalo angeweza kulisukuma kwa wakati ujao, bali linamnyang'anya sifa ambayo aliidhani ni mali yake. Mwanabiolojia anajaribu kurudi kwenye elimu yenyewe. Anaeleza jinsi mwaka 1987 Moshe Benziman na wenzake wa Jerusalem, wakitafuta ni nini kinachomwamuru bakteria huyu aanze kufuma, walivyogundua molekuli ndogo ya mzunguko iitwayo di-GMP ya duara, ambayo baadaye ilionekana katika bakteria wa aina nyingi sana ikiamua lini watulie na kujenga utando wa pamoja na lini waogelee zao. Jambo hilo ni kweli, na huenda ndilo zao kubwa kuliko yote lililowahi kutoka katika trei hizi. Ila halimsaidii, kwani maarifa yaliyopatikana kwa kumchunguza mfumaji hayauzi nguo yake. Anayemsaidia, bila kutarajiwa, ni yule yule aliyemshambulia.

MHANDISI: Hata hivyo kulinganisha nyuzi kwa nyuzi ni kosa ambalo hata maneno yaliyotangulia yamelifanya. Anayeukausha utando wa bakteria, akausaga kuwa unga, kisha akauchanganya katika plastiki, anafanana na mtu anayenunua mkeka uliokwisha kushonwa, akaufumua ili apate ukindu. Ukindu ataupata, lakini ameulipia ususi asioutumia, na jirani yake aliyekwenda msituni kukata ukindu mbichi atamshinda kwa bei siku zote. Swali si nani ana uzi mwembamba. Swali ni nani anahitaji mkeka.

Mfano wa kwanza ni wa spika. Kiwambo cha spika, yaani kile kitambaa au karatasi inayotetemeka na kutoa sauti, kinatakiwa kiwe na tabia mbili zinazokinzana: kiwe kigumu na chepesi ili mtetemo upite haraka, kama alumini ilivyo, na papo hapo kizime mwangwi wake chenyewe, kama karatasi ilivyo, ili kisiendelee kulia baada ya muziki kunyamaza. Utando wa bakteria ukishindiliwa na kukaushwa kwa joto huwa karatasi ambayo ugumu wake wa kutonyumbuka hufikia gigapaskali 30, mara kadhaa zaidi ya karatasi ya kawaida, kwa sababu tepe zake hazijakatwa na zimekwisha kushikana tangu zilipozaliwa. Kampuni ya Sony ikishirikiana na Ajinomoto iliutumia, na vipokea sauti vya kichwani vya MDR-R10 vilivyotoka mwaka 1989 vilikuwa na viwambo vya selulosi ya bakteria. Vilikuwa ghali mno, na uzito wa selulosi katika kila kimoja ulikuwa mdogo mno. Hapo hesabu ya Ndugu Mchumi ya sukari kwa kilo haina la kufanya.

Mfano wa pili unafundisha kwa kushindwa kwake. Mwaka 2005 Hiroyuki Yano na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyoto waliuloweka utando mkavu katika utomvu wa plastiki angavu, wakapata bamba lenye nyuzi kwa asilimia 70 ambalo hata hivyo liliruhusu mwanga kupita, kwa kuwa tepe ni nyembamba kuliko mawimbi ya mwanga unaoonekana na hivyo haziutawanyi. Bamba hilo lilitanuka kwa joto kidogo sana, karibu sawa na fuwele ya silikoni, na uimara wake uliizidi mara tano ile plastiki inayotumika kwa kazi za kihandisi. Ilionekana kwamba skrini zinazokunjika zimepata kitako chake. Lakini mwaka 2007 maabara hiyo hiyo ilichapisha njia ya kupata nyuzi za upana wa nanomita 15 kutoka kwenye mbao kwa kuzisaga zikiwa bado mbichi, na kazi ikaendelea kwa mbao. Kwa nini? Kwa sababu utomvu ukishajaza kila pengo, haujali kama nyuzi zilifumwa au zilimwagwa.

Jambo la namna hiyo lilijirudia katika mji wa Hefei nchini China. Mwaka 2013 kikundi cha Shu-Hong Yu kiliukausha utando kwa kuugandisha na kuuondolea barafu bila kupitia hali ya maji, kisha kikauchoma pasipo hewa ya oksijeni mpaka ukageuka kaboni tupu, kikapata aerojeli, yaani kitu kigumu ambacho karibu chote ni nafasi wazi, yenye uzito wa miligramu 4 hadi 6 kwa sentimita ya ujazo, ambao ni mara chache tu ya uzito wa hewa yenyewe. Sifongo hiyo nyeusi ilifyonza mafuta na vimiminika vya kikaboni kiasi cha mara 106 hadi 312 ya uzito wake, ilikandamizwa ikarudi, na haikushika moto kirahisi. Mwaka 2018 maabara hiyo hiyo ilitangaza aerojeli ya kaboni iliyoanzia kwenye mbao. Bakteria ndiye aliyeonyesha kwamba jambo linawezekana. Mti ndio ulioajiriwa.

Mwanabiolojia anauliza kama basi hoja yake imekufa. Mhandisi anajibu kwamba imepungua unene tu, na kwamba kilichobaki ni vile vitu ambavyo umbo lake haliwezi kushonwa baadaye. Kwa mifano ya vitu hivyo anamwachia nafasi Mtabibu.

MTABIBU: Mgonjwa aliyeungua amepoteza ngozi, na ngozi ni utando. Kinachomuua mara nyingi ni maji yanayomtoka na vijidudu vinavyomwingia, na kinachomtesa ni bandeji kavu inayogandamana na kidonda na kukichuna kila inapobadilishwa. Nchini Brazil, katika miaka ya 1980, utando wa bakteria ulianza kutengenezwa kwa ajili ya vidonda kwa jina la Biofill, na mwaka 1990 Fontana na wenzake walichapisha taarifa za matumizi yake kama ngozi ya muda. Unatandazwa juu ya kidonda kilichosafishwa, unakumbatia kila bonde na kilima cha nyama, unaruhusu mvuke kutoka bila kuruhusu bakteria kuingia, na daktari anaweza kukitazama kidonda kupitia humo bila kuufunua. Maumivu hupungua mara unapowekwa, na ngozi mpya inapoota chini yake, utando hujibandua wenyewe kuanzia pembeni. Karatasi ya kawaida ya mbao haifanyi hivyo, kwa sababu kinachomhudumia mgonjwa ni wavu uliojaa maji na usiokuwa na ncha zilizokatwa.

Mjini Jena, Ujerumani, Dieter Klemm na wenzake walikwenda mbali zaidi. Badala ya trei waliwapa bakteria nafasi finyu kati ya vioo vya duara, nao wakafuma mrija usio na mshono, wenye kipenyo cha ndani cha karibu milimita 1, ambao mwaka 2001 ulielezwa kama mshipa wa damu wa kuazima na ulipandikizwa katika shingo za panya. Mishipa midogo kiasi hicho ni tatizo la siku nyingi kwa wapasuaji, kwani plastiki zinazofaa kwa mishipa mikubwa huziba kwa damu iliyoganda zinapokuwa nyembamba.

Pamoja na hayo, Daktari hapaswi kuwa mpiga debe. Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuvunja selulosi, kwa hiyo kinachopandikizwa ndani kitabaki ndani. Kuna njia ya kukioksidisha kabla ili kiyeyuke polepole, lakini kadiri kinavyokubali kuyeyuka ndivyo kinavyopoteza nguvu. Tena bakteria wa siki ni wa kundi ambalo kuta za seli zake hubeba sumu inayoleta homa, hivyo usafishaji aliouita Mwalimu kuchemsha na kuosha ni sharti la uhai wa mgonjwa, wala halikaguliwi kwa macho.

Juu ya nguo mjadala unapita haraka, na haki yake ni hiyo. Mbunifu Suzanne Lee wa London alijulikana kwa kushona jaketi kutoka utando ulioota katika chai yenye sukari, na mwaka 2024 watafiti wa Imperial College London walitangaza bakteria waliobadilishwa jeni ambao, wakishafuma, hutengeneza melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi na nywele, ndani ya utando wao wenyewe, wakapata sehemu ya juu ya kiatu na pochi visivyohitaji kutiwa rangi. Mchumi anauliza swali moja tu, ambalo ni kuhusu mvua. Selulosi hupenda maji, na ngozi ya namna hii isipopakwa kitu cha kuyazuia huyanywa na kuvimba. Ikipakwa plastiki, sehemu ya sababu ya kuitengeneza inaondoka nayo.

Kinachobaki kubishaniwa ni maji. Utando ukikaushwa hewani, maji yanapotoka huzivuta tepe zishikane, na zikishashikana hazitaki tena kuachana hata zikirudishwa majini. Vyumba vya wavu hufungika, na kile kilichonyonya mara mia ya uzito wake hubaki karatasi ngumu. Kuugandisha na kuukausha polepole huuokoa, lakini kunahitaji mashine na umeme mwingi. Kuusafirisha ukiwa mbichi ni kusafirisha maji: tani moja ya mzigo ina kilo kama 10 za selulosi. Mchumi analitoa jambo hili kama pigo la mwisho, na kwa ajabu linageuka kuwa hoja ya upande wa pili, kwa sababu Mtabibu anamkumbusha kwamba kidonda kinautaka utando huo ukiwa mbichi, na kwamba kitu kisichosafirishika vizuri ndicho kinachopaswa kuoteshwa karibu na mahali kinapotumika.

MCHUMI: Karibu na hospitali, basi, na si karibu na kiwanda cha karatasi. Hilo linaweza kukubaliwa, ila kwa sharti kwamba maneno "kuchukua nafasi ya selulosi ya miti" yafutwe katika hoja, kwa kuwa hakuna aliyeyatetea kwa robo saa iliyopita.

MWANABIOLOJIA: Yafutwe. Lakini Ndugu Mchumi naye aiache mizani yake ya kilo, maana tangu mwanzo ameuza nguo kwa kuipima kama pamba.

MCHUMI: Ipimwe kwa nini?

MTABIBU: Kwa sentimita za mraba. Wodini vidonda huandikwa hivyo hivyo.